Ubao wa Kupimia Watoto

Jumatatu, 5 Mei

Kikao cha mtaala tena. Chai ya maziwa, maandazi makavu, mabishano yale yale. Mkuu wa chuo anataka mwaka wa kwanza ubaki kama alivyousoma yeye: maiti, mifupa, darubini. Mgonjwa aonwe mwaka wa tatu. Mimi nataka waende kijijini tangu muhula wa kwanza, kila Alhamisi, kaya kwa kaya. Daktari asiyejua watu wanalala wapi na wanakula nini atatibu karatasi. Leo nilipiga meza. Chai yake ikamwagikia rasimu yangu. Akaipangusa taratibu kwa leso, bila kuniangalia. Nilitamani kumtandika.

Lakini nimepata majaribio. Kijiji kimoja, wanafunzi wawili, muhula mmoja. Likitokea la kutokea, mtaala unarudi kabatini na mimi narudi chumba cha upasuaji, nifunge mdomo. Mkuu alilisema hilo mbele ya wote.

Jioni nimepita mtaa wa Ng'ambo kwa fundi seremala kuchukua mbao mbili za kupimia urefu wa watoto wadogo. Mtoto unamlaza chali, kichwa kinagusa kibao cha juu, unanyoosha miguu, unasoma sentimita. Za kiwandani bajeti ilikataa. Fundi amezitengeneza kwa mninga, kazipiga vanishi nyekundu, kazi safi. Ya mfano aliyonipa mwezi wa nne niliijaribu mwenyewe kule kijijini, ikafaa. Zilikuwa zimeegemezwa kwenye majeneza, maana hayo ndiyo yanayomlisha. Nikazipakia kwenye bajaji ya Shabani. Huyu ndiye tuliyemkodi kwa safari zote. Mpole, anaimba kaswida akiendesha, na anaimba vibaya.

Jumatano, 7 Mei

Nimemaliza ratiba ya kesho. Imebana, na nimeibana makusudi. Mkuu anasubiri kusema watoto wanaenda kuzurura. Nitamrushia takwimu usoni.

Wanafunzi wenyewe ni Japhet na Asteria. Japhet ni wa hapa hapa mjini, mtaa wa Cheyo, maneno mengi. Asteria katokea Ulyankulu. Babu zake walikuja kutoka Burundi, baba yake analima tumbaku. Hasemi sana. Ndiye anayeongoza darasa na anataka upasuaji. Nimeiangalia mikono yake akichambua maiti. Haiharakishi, haitetemeki. Mimi sikuwa hivyo mwaka wa kwanza.

Mchana aliniuliza wakikuta msiba wafanyeje. Nikamwambia wafuate ratiba.

Alhamisi, 8 Mei

Shabani ameuawa.

Naandika kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu.

Japhet amenisimulia kwa shida, taya limevunjika. Mbao walizifunga juu ya bajaji. Kile kijiji kiko kando ya njia ya zamani ya misafara, nyumba zimejipanga barabarani, kila mtu aliwaona wakiingia. Nyumba ya kwanza kulikuwa na matanga. Mikeka nje, wanaume wameketi, moto unawaka. Mtoto alizikwa siku chache kabla. Shabani akapunguza mwendo ateremke kutoa pole, kama mtu yeyote aliyelelewa. Japhet akamwambia twende, ratiba. Wakapita. Na zile mbao nyekundu juu.

Nyumba ya tatu wakamlaza mtoto mchanga kwenye ubao. Bibi mmoja akapiga ukelele. Halafu ukapigwa mwano, yowe la kuita kijiji kizima. Mwano ukipigwa huku kwetu anayeusikia hatoki mikono mitupu, na asiyetoka sungusungu wanamtoza. Basi walitoka wote. Majembe, rungu, mapanga, mawe. Wakasema hawa wamekuja na majeneza kupima wengine.

Shabani alisimama mbele ya wanafunzi, akanyoosha mikono, akasema ni watoto wa shule hawa. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Alipoanguka wakamkanyaga. Wakamwagia petroli ya bajaji yake mwenyewe.

Asteria alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Panga likapita kwenye kiganja.

Mwalimu wa shule ya msingi aliwaburuta wawili hao ofisini, akafunga, akasimama mlangoni na fimbo mpaka polisi walipofika.

Nimemwona Shabani chumba cha maiti.

Nawachukia. Naandika wazi. Nakichukia kile kijiji kizima, na kuku wao.

Ijumaa, 9 Mei

Tumemzika Shabani baada ya sala ya Ijumaa. Ng'ambo nzima imetoka. Mama yake hakulia. Alinishika kifundo cha mkono akakibana mpaka kikauma. Akasema, "Mwanangu kaniaga anakwenda kuwapeleka madaktari. Madaktari wa nini?" Hakuniachia haraka.

Kutoka makaburini moja kwa moja chumba cha upasuaji. Kiganja cha Asteria nimekishona mwenyewe. Kano za vidole viwili zimekatwa na kujikunja ndani kabisa, nimezitafuta kwa koleo mpaka shingo imekufa ganzi. Nimezipata, nimeziunga. Kidole cha shahada na cha kati. Vya kushikia kisu. Havitakunja vizuri, najua. Yeye bado hajui, au anajua na ananisitiri.

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimefanya jambo.

Polisi wameleta mtu ana pingu, wamempiga mpaka kichwa kimepasuka kutoka paji hadi kisogoni. Jina lake Luhende. Wakasema huyu ndiye aliyewasha kiberiti. Nesi akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano. Nikamwambia aiweke chini. Akadhani hakusikia vizuri. Nikamwambia tena.

Nimemshona bila ganzi. Nilikuwa naisukuma sindano polepole kuliko inavyotakiwa. Kila nilipoivuta nilimwona Shabani. Nilingoja apige kelele. Sikuwa daktari pale, nilikuwa mmoja wao, tofauti ni kwamba mimi nilivaa glavu.

Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka tu. Nilipofunga fundo la mwisho akasema, "Wewe ndiye uliyempima mwanangu."

Nikamwambia nyamaza.

"Ulimlaza kwenye ubao, mwezi wa nne. Nilikupa kigoda ukae. Ukaandika, ukaondoka. Naye akaondoka. Halafu mkaja na mbili."

Jumapili, 11 Mei

Sikutoka nyumbani. Nimemkumbuka. Nyumba ya kwanza, kigoda cha miguu mitatu, mke kijana aliyevaa kitenge cha njano. Mtoto wa kike, mwembamba, nywele zimepauka, miguu imeanza kuvimba. Utapiamlo mkali, hata mwanafunzi angeuona. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Nilifurahi kwamba ubao unasoma vizuri. Nikawaambia mpelekeni kliniki. Kliniki iko mbali na nauli hawana, nilijua. Sikuwa na maziwa ya dawa, sikuwa na hata pakiti moja ya chakula cha lishe. Nilikuwa na ubao.

Kwa macho yake ilikuwaje? Mgeni kaja na kitu kama jeneza, kamlaza mtoto humo, kampima, kaondoka. Mtoto kafa. Matanga hayajaondolewa, wageni wanapita mlangoni, hawasimami, na safari hii wana mawili.

Hiyo haimrudishi Shabani. Luhende aliwasha kiberiti. Bado namchukia. Na sasa najichukia pia, na chuki zote mbili hazipunguziani kitu.

Jumanne, 13 Mei

Wanafunzi wa kiume wamejikusanya uwanjani tangu asubuhi. Marungu, madumu ya petroli, lori la mtu wa Itetemia limeshakodiwa. Wanakwenda kukichoma kijiji. Vijana ninaowafundisha kuzuia damu isitoke.

Nitasema ukweli. Nilipowaona, nusu yangu ilipanda kwenye lori.

Nikamfuata dereva, nikachomoa funguo, nikazitumbukiza kwenye choo cha shimo cha walinzi. Kiongozi wao akanisukuma kifuani. Nikamzaba kofi, akaanguka juu ya dumu. Mwingine akaokota jiwe. Tukatazamana. Alikuwa mwaka wa pili, kijana mzuri, huwa anakaa safu ya mbele. Alilishika lile jiwe muda mrefu. Nikamwambia, "Nirushie mimi, mimi ndiye niliyeandika ratiba." Akalitupa chini akaanza kulia, na wengine wakaanza kutafuta pa kuficha madumu.

Mkuu alikuwa dirishani muda wote. Alasiri amenipa barua: Jumatatu baraza la chuo linaketi kuufuta mpango wa kijijini.

Ijumaa, 16 Mei

Nimembadilishia Asteria bandeji. Baba yake amekuja kutoka Ulyankulu na gunia la mihogo, kwa ajili yangu, eti ahsante ya kumtibu mtoto. Nilitaka ardhi ipasuke. Mzee anataka kumrudisha binti nyumbani. Asteria amekataa kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Sikuelewa maneno, nilielewa tu kwamba anakataa.

Baba alipotoka kwenda kununua maji, akaniuliza, "Dokta, ni kweli yule mtu ulimshona bila ganzi?"

Manesi hawana siri.

Nikasema kweli.

"Mimi ulinipa."

Akageukia ukutani. Afadhali angenipiga na kile kiganja kibovu.

Jumatatu, 19 Mei

Baraza. Ukumbi umejaa. Mkuu amesoma hoja: chuo hakina mamlaka ya kupeleka watoto wa watu kuuawa. Makofi. Mjumbe mmoja akasema wale ni washenzi, waachwe wafe na ujinga wao. Makofi zaidi. Wiki iliyopita ningepiga na mimi.

Nikasimama bila karatasi. Nimewaambia yote. Kwamba nilimwona mtoto anakufa kwa njaa, nikaandika sentimita. Kwamba niliambiwa habari ya msiba, nikajibu ratiba. Kwamba nilimshona mtuhumiwa bila ganzi, kama gunia. Kwamba hayo yote yamefanywa na daktari aliyesoma mtaala ule ule wanaotaka kuurudisha: maiti, mifupa, darubini, na mgonjwa mwaka wa tatu. Mimi ndiye zao lake. Mnataka wengine?

Mtu akakohoa.

Nikawasomea masharti mapya. Mwanafunzi haingii kijijini na kifaa chochote mwezi wa kwanza. Anaingia na mikono yake. Penye msiba anakaa msibani, penye kuchota maji anachota. Hapimwi mtu ambaye hatuna cha kumpa. Tukipima mtoto mwembamba, chakula chake kiko kwenye mfuko huo huo siku hiyo hiyo. Hakuna ratiba ya dakika.

Asteria aliingia katikati, amevaa kanga ya wodini juu ya gauni, baba yake nyuma. Mkuu akamuuliza kama anataka kusema lolote. Akasema, "Nitarudi kule. Mkifuta, nitakwenda mwenyewe." Akakaa.

Kura zimelingana. Ya Mkuu ndiyo ya kuamua. Akavua miwani, akaisugua, akakitazama kiganja cha Asteria, halafu akanitazama mimi kwa chuki safi, ya miaka mingi. "Mpango unabaki," akasema. "Huyu anaondoka." Nimevuliwa uratibu. Suala la ganzi linapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, na huenda leseni ikaenda.

Sikubisha. Nimetoka nje, nimekaa kwenye ngazi, nimevua viatu.

Jumamosi, 24 Mei

Tumekwenda, mimi na Asteria. Hatukubeba kitu ila unga, mafuta na chakula cha lishe. Tulishuka nyumba ya kwanza.

Mke wa Luhende alikuwa anapepeta mpunga, peke yake. Mume yuko mahabusu. Kumbe ana mtoto mwingine, wa kiume, amejificha nyuma ya kitenge. Majirani walitoka milangoni wakasimama. Nilihesabu mapanga kwa macho, sikujizuia.

"Shikamoo," akaniambia yule mwanamke. Nimemzidi umri, hakuweza kuniacha bila salamu.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kutoa pole. Tumechelewa."

Akatandika mkeka. Tukakaa. Tumekaa sana. Mtoto alikula ile pakiti yote, akalamba na vidole. Jua lilipopanda, mama yake akasonga ugali, akaleta mlenda, akaleta maji ya kunawa.

Asteria akanyoosha mkono wa kulia. Vidole viwili vimesimama, havikunji. Yule mwanamke akakiona kiganja, kovu bado jekundu. Akasimamisha birika hewani. Nadhani hapo ndipo alipojua huyu ndiye aliyekatwa panga. Akamwaga maji, akakiosha kile kiganja yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama anavyooshwa mtoto. Halafu akamega tonge, akalibonyeza kwa mlenda, akamwekea mkononi.

Asteria akala. Akamegewa jingine, akala.

Mimi nilinawa, nikamega, nikakaa na tonge mkononi. Nilikuwa namfikiria mama yake Shabani. Sikuweza kula.