Chumvi Nyeupe ya Kijiji Chetu Huku Sumbawanga

Dukani kwa Mzee Saidi,
Sumbawanga Mjini.

Kaka yangu Hamadi, shikamoo.

Kabla hata hujakaa vizuri kwenye mkeka, jua kwamba mdogo wako ameangukiwa na bahati ambayo haijawahi kumwangukia mtu wa ukoo wetu. Ile chumvi ya kijiji mliyonikabidhi nije kuiuza huku bara imekwisha yote. Nasema yote! Ni kama nilivyokuarifu kwa simu ya maandishi: watu waliigombania kama khanga za mgao, na mimi nimekaa kitini kama mkuu wa wilaya, nanyoosha kidole tu, wewe sogea, wewe ngoja. Hata watoto wa mjini wananiita Bwana Chumvi.

Mimi ni mzima, ila baridi imenigeuza bibi kizee, nalala na makoti mawili. Huko hamjambo? Mama mguu wake unaendeleaje? Bado anaingia topeni kutega kaa, au mmemkataza naye amekataa kukatazika? Mji huu, kaka, ni kama umeanikwa kilimani upoe, kisha mwenyewe akausahau. Ugali wao wa ulezi una rangi ya tope la mikokoni kwetu. Niliucheka siku ya kwanza. Sasa naramba vidole, lakini usimwambie mtu.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la Mzee Saidi, huyu mwenye duka aliyenipa pa kulala na pa kuweka mzigo. Unasema kwa kuwa chumvi imekwisha upesi hivyo, mkutano wa kijiji umekubali kufyeka mikoko yote ya mtoni kwetu ili mchimbe majaruba mapya ya chumvi, na kwamba kazi itaanza mwezi ukiandama. Na wazo hilo mmepewa na yule bwana wa mipango!

Yule bwana, kaka? Yule aliyekuja na soksi nyeupe hadi magotini, akashuka kwenye mtumbwi akidhani tope ni sakafu, tukamng'oa kama muhogo? Kiatu chake kimoja kipo kule mpaka leo, bila shaka kaa wameshahamia na familia zao. Huyo ndiye wa kuwafundisha nyinyi bahari? Na nyinyi mkapiga makofi! Nawajua. Mtu akichomeka kalamu mbili mfukoni, nyinyi mnapiga makofi.

Usidhani nimekuwa adui wa maendeleo kwa sababu nakaa mlimani. Tulipoacha kuchemsha chumvi kwenye vyungu tukachimba majaruba pale jangwani, nyuma ya mikoko, ambapo hata jani halioti, nani alikuwa wa kwanza kushika jembe? Mimi. Jua likafanya kazi bure, mikoko ikapumzika kukatwa kuni, miche ikachipua mpaka kwenye njia ya Mama. Chumvi ikatoka nyeupe, safi, haina moshi wala majivu. Hayo ndiyo maendeleo na nayapigia makofi kwa mikono yote. Sasa nyinyi mnataka kuyala pamoja na mizizi yake. Mkishafyeka, bamvua ya kwanza ikija, yale maji makuu ya mwezi mpevu, nani ataizuia isivunje matuta? Kamati? Mtasimama ufukweni muiombe bahari inyooshe mkono ipige kura? Kamba watazalia wapi? Na Mama atatega kaa wapi, ndani ya soksi za yule bwana?

Utasema, "Bakari, shule uliiacha darasa la tano, wewe unajua nini?" Kweli niliiacha, lakini mwalimu ndiye aliyeanza kuniacha mimi.

Haya, ngoja nikuchekeshe na wateja wa huku. Watu hawa wamezoea chumvi ya kijivu inayopandishwa kutoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, ina udongo na majani ndani, na wanaipenda hivyohivyo. Siku ya kwanza nimefungua gunia hapa barazani, chumvi inang'aa kama meno ya bi harusi, akaja mama mmoja muuza maharage, Mama Festo. Akachungulia, akarudi nyuma.

"We Mswahili, mbona unauza mbolea sokoni?"

"Mama, hii ni chumvi. Onja."

"Nionje nife? Mbolea ya Bwana Shamba siijui mimi? Nyeupe hivihivi, punje hivihivi!"

Basi nikachota konzi nzima nikaitia mdomoni mbele ya watu, nikatafuna, machozi yananitoka, natabasamu. Mama Festo akawageukia wenzake akasema, "Mwoneni, huyu amekwisha kuizoea." Mzee Saidi kule ndani akaita, "Bakari, kula taratibu, hicho ndicho chakula chako cha mwaka mzima!"

Kisha akaja Mzee Pius, mkulima wa njia ya kwenda Muze, mtu mpole, rozari shingoni. Huyu hakubishana. Alinunua gunia zima huku akinikonyeza. Nikasema, huyu ndiye muungwana wa Ufipa. Baada ya muda nikamwona anakuja na bua la mahindi begani, limeungua kama limepita kwenye jiko.

"Mswahili, mbolea yako mbaya."

"Mzee wangu, si nilikwambia ni chumvi?"

"Uliniambia. Nilidhani unaficha, Bwana Shamba asije akakukamata."

Nilicheka mpaka nikaketi chini, kisha nikaona mzee hacheki. Lile ndilo shamba lake la kulisha watoto. Nikamrudishia pesa yake, nikaenda naye kutifua na kupanda maharage sehemu ambayo haikuguswa. Mgongo bado unauma.

Nisalimie Mama, nisalimie na shemeji, mkeo, na shangazi Mwanaidi, mpishi wa harusi zote, na mjomba Sudi fundi mitumbwi, umwambie aache kukohoa kwenye misumari. Mzee Saidi anakusalimu sana.

Nilitaka kufunga bahasha hapa. Lakini nakujua, kaka. Utaisoma hii, utacheka, kisha utasema, "Maneno ya Bakari hayo, ila chumvi imekwisha na wateja wanangoja," na mapanga yatatoka. Hakuna anayengoja. Wasomee barua hii mkutanoni, mbele ya watu wote, na jina langu ulitaje. Msikate hata mkoko mmoja. Magunia yote, ila lile la Mzee Pius nililorudisha pesa yake, yapo stoo, nimeyapanga nyuma ya kitanda changu. Simu ile ilikuwa uongo, na nilichoandika pale mwanzoni ni uongo vilevile. Sijauza hata kijiko.

Mdogo wako,
Bakari.