Alichosema Mdogo Wetu Kizimbani

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko, na baridi yako, na zamu zako za wodini? Mgongo umepoa, au bado unainua wagonjwa peke yako kana kwamba wauguzi wenzako hawana mikono? Shemeji hajambo? Na watoto, wanasema Kiswahili au siku hizi nikiwapigia itabidi nitafute mkalimani? Sisi tu wazima. Mama presha yake inapanda na kushuka, lakini anakula na anagomba, na Mama akigomba ujue hajambo.

Najua umekasirika. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Umesema nimeichezea kazi yangu, umesema ningesaini tu ile karatasi yaishe. Sikukujibu kwa simu kwa sababu ningelia, na nikilia sisemi la maana. Basi nimekaa niandike. Nitaanza mwanzo, kwa kuwa habari hizi ulizipata vipande vipande, na kila mtu alikupa kile kipande alichoona hakitakuumiza.

Polisi walimchukua mdogo wetu Spana mchana kweupe. Alikuwa amelala chali chini ya sinki la mteja, miguu nje, wakamvuta kama gunia. Wiki moja kabla alikuwa ametengeneza mabomba kwenye ghala la tajiri mmoja. Ghala likavunjwa, mlinzi akaumizwa, na tajiri akataka mtu akamatwe upesi. Sasa nani anajua ghala lina milango mingapi? Fundi bomba.

Siku nane hatukujua aliko. Mimi na Mama tulizunguka vituo vitatu. Kila kaunta askari anafungua daftari, anapitisha kidole, anasema hayupo. Kwenye kituo cha tatu Mama akaviona viatu vya Spana chini ya benchi, vile vilivyoganda simiti kisiginoni. Akavionyesha. Askari akavisukuma kwa mguu hadi ukutani, akasema, "Mama, viatu vinafanana." Mama hakubishana. Alikaa kwenye lile benchi mpaka wakamtoa.

Siku ya tisa nilikuwa kazini. Kazi yangu unaijua: nakaa mbele ya meza ya hakimu, nachapa kila kinachosemwa, jioni hakimu anasaini. Asubuhi ikaletwa orodha ya washtakiwa wa siku hiyo. Wa kumi na saba alikuwa mdogo wetu, majina yake yote matatu.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na sitalificha. Nilitakiwa nisimame niseme huyu ni ndugu yangu, anipokee mwenzangu. Sikusema. Niliogopa nikitoka mle chumbani nitampoteza tena. Nikainamisha kichwa kwenye mashine.

Aliingia akikanyagia kingo za miguu, kama mtu apitaye juu ya makaa. Askari wa mahakama, yule mzee tunayemwita Afande Kikohozi, alimshika kwapani akamfikisha kizimbani. Spana akaniona. Hakuniita. Aligeuza uso upande wa dirisha ili asinitie matatani. Pamoja na hali ile aliyokuwa nayo, Dada, bado alikuwa ananihurumia mimi.

Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika. Hakimu, bila kuinua macho, akauliza kama mshtakiwa ana la kusema.

"Mheshimiwa, naomba nikae," Spana akasema. "Nimepigwa nyayo, siwezi kusimama. Wamenisainisha karatasi, sikupewa kuisoma."

Hakimu akaangalia saa ya ukutani. Tulikuwa na majalada arobaini siku ile. Akaniambia, "Andika, mshtakiwa hana la kusema. Kesi imeahirishwa kwa wiki mbili."

Miaka kumi na mmoja nimeyachapa maneno hayo. Mara nyingine nilikuwa nayachapa kabla hakimu hajayatamka, ili twende haraka. Asubuhi ile vidole vilikataa. Niliandika alichosema Spana, neno kwa neno. Jioni karatasi yake ilipelekwa pamoja na zile nyingine, na hakimu akasaini bila kusoma, kama ilivyo desturi yake. Kesho yake nikaomba kuhamishiwa masijala kwa kisingizio cha macho. Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Baada ya hapo ikawa miezi kumi na minne mahabusu. Chumba cha watu ishirini wamo sitini na wawili, kulala kwa ubavu, mmoja akitaka kugeuka lazima wageuke wote. Spana alikuwa akitusimulia huku anacheka, si unamjua. Alisema ameshaziba mabomba yote ya gereza, na sasa mkuu wa gereza anaomba dua kesi isiishe. Lakini alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya kuku wa kuugua, na mguu wa kulia ulipona vibaya. Hawezi kuchuchumaa. Fundi bomba asiyechuchumaa, Dada, ni kama wewe ungekuwa huwezi kuona damu.

Kesi ilipoanza kusikilizwa alikuwapo hakimu mwingine, mama mmoja mkimya aliyekuja kwa uhamisho. Mpelelezi akaleta ile karatasi ya kukiri kosa: kurasa nne, mwandiko wa kupendeza, eti Spana aliyasema yote kwa hiari yake. Wakili wetu, binti mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, hakupayuka. Aliomba tu usomwe mwenendo wa kesi wa siku ya kwanza, ile karatasi niliyoichapa mimi.

Ukasomwa. Nyayo, kusainishwa, yote. Niliambiwa mpelelezi alikunja karatasi aliyoishika mpaka ikachanika.

Mwendesha mashtaka akauliza nani aliyechapa, na haikuchukua muda kugundua ni dada wa mshtakiwa. Nikaitwa kutoka masijala, nikapandishwa kutoa ushahidi. Nilikubali yote. Ndiyo, ni mdogo wangu, ziwa moja. Ndiyo, nilinyamaza. Ndiyo, hakimu alinitajia maneno mengine.

"Kwa hiyo ulitunga maneno ili umwokoe mdogo wako," akasema.

"Hapana," nikamjibu. "Nilitunga kwa wale wengine wote. Kwa huyu niliandika alichosema."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka tu, na lilipotoka nikajua nimejichongea. Na halikutosha: neno la dada mtu lina uzito gani? Alibaki shahidi mmoja, Afande Kikohozi, naye sikumtegemea. Wiki moja kabla nilikuwa nimembembeleza kwenye korido. Alinitazama, akasema, "Binti, nimebakiza miezi miwili nistaafu. Nina wajukuu." Akaenda zake.

Lakini alipoitwa alikuja. Akaapa, akakohoa, tukamngoja amalize kukohoa.

"Nilimsikia," akasema. "Alisema hivyo hivyo. Nilimshika kwa sababu alikuwa anaanguka. Nyayo zilikuwa zimevimba, kiatu hakiingii. Nilimpa ndala zangu."

Akaulizwa kwa nini mwaka mzima hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza. Wengi huja namna ile. Ningeanza na yupi?"

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Karatasi ya kukiri ikakataliwa, na bila hiyo hawakuwa na kitu. Spana akaachiwa. Mama hakupiga kigelegele wala hakulia. Alimkagua tu kuanzia utosini hadi kidole cha mwisho, kama mtu aliyerudishiwa chombo alichokiazimisha.

Hayo uliyasikia, ukafurahi. Sasa sikia usiloambiwa. Serikali imekata rufaa. Wiki tatu baada ya hukumu, mkubwa wangu wa ofisi aliniita akanisogezea karatasi iliyokwisha chapwa. Inasema nilichanganyikiwa kwa uchungu wa ndugu, nikaandika maneno ambayo hayakusemwa mahakamani. Nikisaini, nasamehewa na kuhamishiwa kituo kingine. Nisiposaini, kamati ya nidhamu. Dada, karatasi ile ingetoka mezani kwake ikaingia moja kwa moja kwenye jalada la rufaa. Ndiyo hiyo uliyoniambia nisaini yaishe. Yasingeisha. Yangeanza upya, na safari hii mkono ungekuwa wangu.

Kumbe na Spana alikuwa na wazo lako. "Saini, dada'angu," akaniambia, "mimi kule nimeshazoea." Nilimrushia mwiko. Ulimkosa, ukampata Mama begani, na Mama badala ya kugomba akasema, "Mpige tena, huyo."

Jumatano nilikwenda mbele ya kamati. Watu watano, meza ndefu. Wakaniuliza mara ya mwisho. Nikasema sisaini. Barua ya kuachishwa kazi ikatolewa kwenye bahasha, imeshagongwa muhuri kabla sijaingia. Kosa lililoandikwa ni kutotangaza undugu, na hilo ni kweli nililitenda, silalamiki. Aliyempiga Spana nyayo amehamishwa na kupandishwa cheo. Hilo ninalilalamikia, na nitalalamika mpaka sauti inikauke.

Usidhani mimi ni jasiri. Mkojo ulinibana siku mbili mfululizo. Rufaa ni mwezi ujao, na kila gari likipunguza mwendo nje, Spana anaacha kutafuna.

Juzi Ijumaa ilikuja tume ya kukusanya maoni kuhusu kurekebisha polisi, mahakama na magereza. Nikaenda. Walitupa dakika tano kila mtu. Mimi niliomba jambo moja: kabla hakimu hajasaini, mshtakiwa asomewe maneno yake mwenyewe na aulizwe kama ndivyo alivyosema. Dakika moja ilinitosha. Mjumbe mmoja aliandika. Mwingine alikuwa na simu yake.

Nilipotoka, mwanamke mmoja alinifuata hadi getini. Umri wako, kitenge kimefuliwa mpaka kimepauka. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unaandika pale mahakamani. Mume wangu alisomewa shtaka chumba kile, yapata miaka mitatu, na bado yumo ndani. Siku ile mimi nilizuiwa mlangoni. Alisema nini?"

Dada, nilimtazama usoni nikitafuta. Nikauliza jina la mume, nikauliza kazi yake, alivaa nini. Fundi viatu, akasema, ana kovu kwenye nyusi. Sikumkumbuka. Alisimama hatua nne kutoka kwangu, akafungua mdomo, na mimi nikaandika nilichoambiwa.

Nilimwambia yule mwanamke hivyo. Nilidhani atanitemea mate. Aliniuliza tu kama najua jalada linatafutwa wapi. Hilo nalijua. Kesho saa mbili asubuhi tunakutana naye mlangoni kwa wakili.

Basi usinikasirikie, au nikasirikie kisha yaishe. Nisalimie Shemeji na watoto, na rafiki yako mkunga aliyetuma dawa ya Mama. Spana anakusalimu, anasema bomba la jikoni kwako linalovuja usimwite fundi wa huko, umngoje yeye. Mama anasema ule. Mungu akusimamie kazini, akurudishe salama mlangoni kwako kila siku, na atupe siku ya kuonana ana kwa ana.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponigombeza,

Chiriku.