Meneja Hatanuna, Baba

Baba,

Uji wako nimeufunika kwa sahani ya bluu. Mama amekwenda msibani Buger, atarudi jioni.

Asubuhi uliniuliza mbele ya kaka Felisiani kama uvunje amana ya benki kabla ya muda wake wa Juni, nami nikabaki kutazama kikombe. Ukasema, "Kumbe chuoni walikufundisha kutazama kikombe." Mbele ya watu maneno hunikimbia, ndiyo maana naandika.

Ukitoa fedha sasa utakosa riba, lakini fedha yenyewe itarudi yote. Usipotoa ukanunua maksai wa pili, tunabaki na mmoja, na maksai mmoja havuti plau. Masika yakipita shamba halijalimwa, mwaka huu tutakula nini? ~~Ngoja hadi Juni.~~ Toa, Baba.

Najua si riba inayokuuma. Ulisema, "Ng'ombe niliyemweka kwa rafiki simchukui ghafla. Ataona nimemshuku. Na yule meneja wa benki alinipa mkono." Felisiani akacheka, ukaondoka na njaa. Mimi sikucheka.

Meneja hatanuna. ~~Hata jina lako halikumbuki.~~ Ni mtu mwelewa.

Nimepitia kwa Mwalimu Mkuu kuomba ruhusa nisifundishe kesho, twende benki Arusha pamoja. Anayemfuata ng'ombe wake kwa rafiki haendi mikono mitupu, kwa hiyo nimejaza asali kwenye kibuyu kidogo, kipo nyuma ya mlango. Wewe utamsalimia na kumpa. Habari ya fedha nitaisema mimi, hata mbele ya watu.

Felisiani asiionje. Ni ya meneja.

Binti yako,
Leonida