Vidole Alivyopuliza Baba

Jumapili, 3 Agosti 1997

Wahab amekuja! Kutoka Mbale, bila kutuma habari, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Amekaa barazani na Baba. Mimi ndani nasuka tabaga, maana nikahi imekaribia, na bibi harusi wa Kinubi haendi kwa mume bila vifuniko vyake vya chakula. Ukindu mkavu unakata vibaya. Vidole vyangu — aibu tupu.

Nilipotoa chai akaviona. Akatoa mfukoni kikopo kidogo. Plasta ya maji, anasema, ya kupuliza. Huitumia kinyozini kwake, pale Namakwekwe, wembe ukimteleza kwenye shingo ya mteja. Dereva mmoja wa lori humletea kutoka Nairobi. Akaficha mkono mmoja mgongoni kwa heshima ya Baba, na kwa mwingine akapuliza kwa mbali. Fsss! Iliwasha kidogo, halafu baridi, halafu kidole kikang'aa kama kimepakwa rangi ya kucha. Nikasahau kushukuru. Sukari nayo nikaisahau jikoni.

Ameacha kikopo. Nampenda. Basi, nimeandika.

Jumatano, 6 Agosti

Baba amepata mchezo mpya. Amejikata kidevu akinyoa — fsss. Kaumwa na mbu, kajikuna — fsss. Upele wa jirani yetu Bogere — fsss. Hata sikio la mbuzi lililokwaruzwa na waya! Mbuzi hajamsamehe.

Hapa Kimaka bado wanamwita Afande Marjan, ingawa jeshi lake lilikwisha zamani. Na kikopo anakitumia kijeshi hasa: osha, kausha, tikisa, puliza, usiguse! Nimecheka mpaka ukindu ukanichoma tena. Akaja mbio nacho. Akanipulizia kidole, kisha akakipepea kwa kofia yake ya swala, amekunja uso kwa makini.

Tangu Mama afariki ni sisi wawili tu. Nikienda Mbale atampulizia nani?

Jumatatu, 11 Agosti

Tabaga la mwisho limekwisha. Jekundu, kijani, zambarau. Zuri!

Shangazi Kadija kapita. Haja Ramula, mama yake Wahab, anakuja Ijumaa. Kwetu mama mkwe huushika kwanza mkono wa bibi harusi, aitazame hina. Ikikolea, moyo umekubali ile nyumba. Ikikataa — hapo Shangazi akajifanya anatafuta kiatu chake.

Najua. Haja alimtakia mwanawe msichana wa Mbale. Akipata sababu ndogo tu, atairudisha posa. Ee Mungu, hina ikolee.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeharibikiwa.

Shangazi alinipaka hina asubuhi, viganja na vidole, akanifunga vitambaa. Alasiri tukaosha. Viganja vimekolea vizuri, vyekundu vya kuiva. Vidole — vyeupe! Mabaka mabaka, kila ncha. Mikono yote miwili. Shangazi akashika kichwa. "Shamira, nani naweka kitu hapa?"

Nikakumbuka. Jana jioni Baba aliniita barazani na kikopo chake. Amesikia hina inauma kwenye mkato. Akanipulizia vidole vyote, kimoja kimoja, akarudia ili iwe imara, akavipepea na kofia. Nami nikamwachia, kwa sababu ilikuwa raha kuwa mtoto wake tena kidogo. Wala hatukufikiri! Ile ngozi ya dawa imeziba, hina haikupata mahali pa kuingia.

Shangazi akasugua kwa limau na jiwe la miguu. Baba akaja juu: "Wewe hapana sugua! Nafungua kidonda!" Halafu akatazama mikono yangu vizuri, akaelewa. Akaketi kwenye ngazi. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, mimi sikutaka mtoto aumwe. Akakiweka kikopo chini, mbali naye.

Hajala. Nimempelekea uji, umepoa. Nikamwambia si kitu, Baba. Ni kitu, akasema.

Na mimi nina wazo baya siwezi kumwambia mtu. Je, kama hina inasema kweli? Wahab namtaka, hilo sina shaka. Lakini kila nikifikiria nyumba hii bila mimi, nainuka tena kutazama kama Baba amegusa ule uji.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinanicheka.

Haja amefika asubuhi. Mrefu, hana haraka. Nilimsikia Baba mlangoni. Amevaa koti lake la zamani, katika joto hili! Alisimama wima, visigino pamoja, akasema, "Haja, kosa ni yangu. Mimi ndiye nalipuliza. Mtoto hana makosa." Haja akavua viatu. Akaingia. Akamtoa Shangazi, akafunga mlango.

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku. Nikangoja aniachie. Akauliza, si kwa ukali: hina imekataa vidole — na moyo? Wewe nakataa mtoto wangu?

Hapana! Nilikaribia kupiga kelele. Simkatai Wahab. Sijui tu nitamwachaje Baba. Basi nikalia, kamasi na vyote, mbele ya mama mkwe.

Hakunibembeleza. Akaomba mafuta ya simsim, akayapasha moto, akanikanda vidole mpaka ile ngozi ya dawa ikalegea. Akaibandua kwa ukucha, kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine. Chini yake mikato imepona. Haina hata alama! "Huyu mzee anajua kazi," akasema, na nadhani alitabasamu. Akachota hina ya jana iliyobaki, akapaka mwenyewe.

Kidole cha mwisho, kile kidogo, akakiruka. Nikadhani amesahau. "Hii mimi hapana gusa," akasema. "Hii ya baba yako. Wewe nataka toa, toa mwenyewe. Nataka acha, acha. Mbale wakiuliza, mimi najibu."

Kisha akatoka kwenda kumdai Baba chakula, eti hawezi kula peke yake. Wanakula! Nasikia sahani. Akirudi tutafanya mkono wa kushoto.

Bakuli la hina lipo hapa magotini. Mafuta bado yana moto. Kidole kidogo kinang'aa peke yake. Nimekigusa kwa ukucha, ukingo wake umeanza kuinuka —

Baba amekuja dirishani. Hachungulii, ana adabu zake. Nakiona kivuli cha kofia tu. Anauliza:

"Mama, bado inauma?"

Nimeondoa ukucha. Nikifungua mdomo sasa hivi, atajua ninalia, ataleta kikopo.