Kiondo cha Magunia ya Posho

Kendi mjukuu wangu,

Hapa Githongo tu wazima. Kahawa imechanua, ng'ombe wa mjomba wako amezaa ndama jike, na goti langu bado lina kiburi.

Umeniuliza kama ndege unaowaunda kwa vifuniko vya soda ni sanaa, maana mwalimu wako anawaita takataka. Huyo mwambie habari za dada yangu.

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kijiji chetu kilizungushiwa handaki, na kwenda porini kutafuta kamba za kusukia viondo, vikapu vyetu, kukakatazwa. Dada yangu alikuwa anaolewa. Msichana wa kwetu aende kwa mumewe bila kiondo cha mamake? Mama alisema, "Haiwezekani!"

Basi tukaokota magunia ya posho yaliyotupwa na askari, tukayafumua, tukasokota nyuzi pajani mpaka ngozi ikawaka moto. Nyingine tukazitia weusi kwa tope la mtoni. Mama akasuka mbayuwayu kuzunguka kiondo kizima, kwa sababu hao ndio waliovuka handaki bila pasi ya askari.

Siku ya harusi askari wa langoni alikishika, akakigeuzageuza. "Mama, uzi mzuri hivi umetoa wapi?"

"Kwako," mama akamjibu.

Askari alicheka, akafungua lango. Tukapita kwa vigelegele, dada mbele, kiondo mgongoni.

Dada yangu huyo ndiye Kendi uliyepewa jina lake. Handaki lilifukiwa zamani, tukapanda ndizi juu yake. Mbayuwayu wa mama bado wanaruka kwenye kile kiondo.

Nyanya yako