Nimnunulie Mwanangu Kinasa Rada Kipi, na Dada Yake Ndiye Askari?

Bibi Ardith mpendwa,

Nakusoma gazetini kila Alhamisi kabla hata ya matangazo ya vifo, na sikuwahi kudhani siku moja nitakuwa miongoni mwa hao wanaokulilia, maana mimi namshukuru Mungu sina matatizo, nina watoto wawili tu na wote wamenyooka, ila sasa nimechanganyikiwa kiasi kwamba jana nilitia chumvi kwenye kahawa, na nikainywa. Swali langu ni dogo. Nataka kujua ni kinasa rada kipi kizuri cha kumnunulia mwanangu wa kiume, kile kidude cha kuweka garini kinachomwonya dereva kwamba mbele kuna polisi na rada. Lakini ili unielewe inabidi nianze na binti yangu.

Binti yangu Marlys ni askari wa sherifu katika kaunti yetu huku kusini mwa Ohio, mwanamke wa kwanza kupewa gari la doria ya barabarani huku kwetu, na sisemi hivi kwa kujisifu, gazeti lenu lenyewe lilitoa picha yake, ile aliyosimama kando ya gari mkono kiunoni, moja nimeibandika kwenye friji na nyingine nimempa daktari wangu wa meno. Mimi sikumaliza shule, niliacha nikaenda kiwandani kushona viti vya magari, kwa hiyo fikiria mwenyewe ninavyojisikia nikimwona mtoto niliyemzaa mimi anasimamisha hata mawakili kando ya njia na wanamwita "afande". Mdogo wake Dewey naye ni fundi wa mashine za barafu, zile za mikahawani na hospitalini, na hakuna mashine kutoka hapa hadi milima ya Virginia ambayo Dewey ameshindwa kuifufua, mikono yake ni ya marehemu baba yake kabisa. Tatizo la Dewey ni mguu. Mguu wake wa kulia ni mzito. Mashine ikiharibika mwenye mkahawa anapiga simu analia, naye anakimbia, na kwa kukimbia huko ameandikiwa makosa mpaka alama kwenye leseni yake zimekaribia kujaa, limebaki kosa moja tu wamnyang'anye leseni, na fundi asiye na leseni huku kwetu ataenda wapi, basi lenyewe hatuna.

Basi mwaka jana siku yake ya kuzaliwa nikampeleka dukani tumchagulie kinasa rada, ni halali huku kwetu, niliuliza kwanza. Muuzaji mmoja mwenye ndevu akaanza kunimwagia habari za mawimbi, mara K, mara Ka, mara X, mara leza, nikamwambia, "Baba, nimekuja kununua kidude, sikuja kufundishwa alfabeti." Akacheka, akaniuliza, "Mama, unataka kinachosikia mbali au kinachojua kunyamaza?" Nikadhani ananitania. Nikachagua kile kinachoongea kwa sauti ya mwanamke mpole, kwa sababu Dewey hajaoa na nikaona si vibaya akizoea kuambiwa.

Bibi Ardith, kidude kile! Tulipopita mbele ya supamaketi kikapiga kelele, kumbe ile milango inayojifungua yenyewe nayo hutoa mawimbi ya aina ile ile. Jirani akatufuata na gari lake jipya, lile linalojua lenyewe kama kuna gari ubavuni, kikapiga kelele njia nzima mpaka nyumbani. Dewey akakizima sauti. Wiki hiyo hiyo akateremka mlima wa kanisani kama kawaida yake, na aliyekuwa amejibanza nyuma ya bango la duka la chambo hakuwa mwingine, ni dada yake, na akamwandikia.

Jumapili wote wakaja kula, nimekaanga kuku, hakuna anayemtazama mwenzake, mwisho Marlys akasema:

"Kile kidude chako kilikuambia nini?"

"Hakikusema kitu. Nilikizima sauti. Halafu nilitazama taa zake, nazo hazikuwaka mpaka ulipokuwa umenifikia. Kibovu."

"Si kibovu, bwege wewe. Mimi siwashi rada mpaka gari liwe mbele ya pua yangu. Kikilia, nimeshakusoma zamani."

"Dada gani anamwandikia mdogo wake kosa?"

"Dada ambaye mdogo wake anapita maili sabini na moja penye hamsini na tano. Nipe viazi."

"Chukua mwenyewe, afande."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, wanapogombana hivyo wananikumbusha walivyokuwa wadogo.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi. Marlys tumbo lake halipatani na vyakula vya kituo cha mafuta, tangu utotoni, kwa hiyo kila asubuhi namwokea skonzi, nazipasua katikati naweka soseji, nampelekea pale pale alipoegesha gari, yeye hunitumia ujumbe kwenye simu kuniambia leo yuko wapi. Baada ya ile Jumapili Dewey akaanza kunipigia asubuhi. "Mama, leo umempelekea dada skonzi wapi?" Mimi nikafurahi, nikasema wamepatana, damu ni damu, anataka kujua kama dada yake amekula, nikawa namwambia leo kwenye bango la chambo, leo kwenye geti la makaburi, leo chini ya daraja la reli. Mpaka siku moja alikuja kunirekebishia bomba la jikoni, akatoa kichwa chini ya sinki akaniambia, "Mama, wewe unashinda vidude vyote vya dukani. Hata milango ya supamaketi haikudanganyi." Ndipo nikaelewa. Na nikuambie kweli, Bibi Ardith, sikukasirika, nilijisikia vizuri, mimi niliyeacha shule nimeshinda mashine, nikamkatia kipande cha pai. Kesho yake alipopiga nikamwambia tena. Na keshokutwa.

Kumbe Dewey anawaambia na mafundi wenzake, na mafundi wana kundi lao la simu, na kwenye kundi kuna madereva wa malori ya magogo na wauza maziwa na sijui nani. Asubuhi wanaulizana tu "Skonzi ziko wapi?" Sasa nusu ya kaunti wakifika kwenye bango la chambo wanapunguza mwendo, wanapiga honi, wanampungia Marlys mkono, wakishapita wanakanyaga mafuta.

Juzi Marlys alikuja nyumbani akakaa mezani bila hata kuvua mkanda wa bastola. Akasema, "Mama, kuna mtu anatoa siri ya mahali ninapokaa. Sherifu ameniita ofisini. Anadhani ni mimi nawatonya marafiki zangu."

Nikasema, "Nani atafanya kitu kama hicho?" Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Akasema, "Sijui. Ila cheo cha sajini nilichokuwa nipewe wamekisimamisha mpaka huyo mtu ajulikane. Na pale kwenye bango sikai kwa kupenda, Mama. Nakaa kwa ajili ya mzee Truman."

Mzee Truman ndiye yule aliyegongwa na gari karibu na lile bango akivuka njia kwenda kwenye sanduku lake la barua. Nilipika msibani.

Kwa hiyo nimefikiria hivi. Nikimnunulia Dewey kinasa rada kizuri hasa, kile cha watu wanaojua, hatahitaji kuniuliza mimi, mimi nitanyamaza, maneno yatakufa yenyewe, Marlys atapata cheo chake, Dewey atabaki na leseni yake, na hakuna atakayelazimika kujua chochote. Lakini nikimwambia Marlys ukweli atanichukia, na nikimnyima Dewey ataandikiwa lile kosa la mwisho, na wote ni wangu, nimewazaa mimi, nichague yupi? Basi niambie tu, ninunue kipi? Na kinawekwa juu ya kioo au chini? Na je, kitafanya kazi kule Virginia anakokwenda Jumanne?

Tafadhali usichape jina langu.

Mama Asiyetaka Kujulikana

JIBU LA BIBI ARDITH

Mama mpendwa,

Umeniomba nifiche jina lako, halafu ukanitajia ya wanao, kazi zao na picha kwenye friji. Majina nimeyabadilisha yote. Kutunza siri siyo fani yako, na hiyo ni sehemu ya shida yetu.

Nianze na swali uliloniuliza, usije ukasema sikukujibu. Yule mwenye ndevu hakukutania. Alikuuliza swali pekee la maana dukani mle. Kinasa rada kinacholilia kila mlango na kila gari jipya dereva hukizima sauti, na kikishazimwa ni pambo. Chenye akili ni kile kinachojifunza milango ya kila siku na kuipuuza. Huwekwa juu kwenye kioo cha mbele, kione barabara bila kumziba dereva macho. Virginia ni marufuku, haijalishi ni cha bei gani, Dewey akichomoe na kukifungia mbali kabla ya mpaka, la sivyo atasimamishwa kwa ajili ya kidude chenyewe. Lakini dhidi ya askari anayewasha rada ukiwa mbele ya pua yake, au anayekupima kwa leza, hakuna cha kununua. Kilio chake ni habari kwamba umeshapatikana. Binti yako alikueleza hayo bure, juu ya sahani ya viazi, nawe ukawa unacheka.

Kwa hiyo usinunue. Hata kimoja.

Sasa tuzungumze. Nakuelewa ulivyofurahi jikoni. Mtu ameshona viti vya magari ya wengine miaka yote, halafu siku moja mwanawe anamwambia anashinda mashine. Nani asingekata pai? Mpaka hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu unaanzia kesho yake alipopiga simu. Siku hiyo ulijua anachouliza na kwa nini anauliza, ukajibu. Na Marlys alipokaa mezani kwako na mkanda kiunoni, alikuja kwa mtu pekee anayemwamini, ukamtazama usoni ukamuuliza "nani". Binti yako anashukiwa kwa jambo ulilolitenda wewe. Picha yake umempa hata daktari wa meno, halafu kila asubuhi unamchimbia shimo kwa simu.

Unaniuliza uchague yupi. Hakuna aliyekuambia uchague, Mama. Dewey hajanyimwa chochote ukinyamaza. Anaweza kuilinda leseni yake mwenyewe kwa kuinua mguu, jambo ambalo hata ndama wangu anaweza kufundishwa. Mashine ya barafu ikichelewa saa nzima, watu watakunywa soda ya moto na kununa. Na yule mzee uliyepika msibani kwake alikuwa na haraka gani? Alikuwa anakwenda kuchukua barua. Wale wanaopunga mkono kisha wakakanyaga mafuta wanakanyagia mahali pale pale, kwa msaada wako.

Fanya hivi. Mwambie Marlys leo, na umwambie yote, pamoja na ile pai. Usimweleze kwamba hukujua, maana siku ya kwanza tu ndiyo hukujua. Atakasirika. Mwache akasirike nyumbani kwako bila wewe kulia, ukilia itabidi akubembeleze, naye siku hiyo si zamu yake kubembeleza mtu. Akimaliza, mwombe akupeleke kwa sherifu, na huko uongee wewe, yeye anyamaze. Sherifu ana mama, au aliwahi kuwa naye, atakuelewa upesi kuliko unavyodhani, lakini hawezi kuelewa kitu ambacho hajaambiwa. Skonzi endelea kumwokea akikubali, ila akuambie jioni alikokuwa, siyo asubuhi.

Dewey mpigie baada ya hapo, siyo kabla. Ukimpigia kabla atakushawishi, tunamjua. Mwambie maneno mawili tu, "Nimefunga duka," ukate simu. Yeye naye awaandikie wale wa kundi lake kwa jina lake mwenyewe, kisha akamwombe dada yake radhi ana kwa ana, bila kupeleka salamu kupitia kwako.

Jambo la mwisho. Majina nimeyaficha, lakini skonzi sikuweza kuzificha, bila hizo, barua yako haina kichwa wala miguu. Mtu yeyote wa kundi lile akisoma mstari wa skonzi atajua ni nani kabla hajamaliza kahawa yake. Nilikupigia simu wiki iliyopita nikakueleza hivyo, ukanijibu, "Chapa tu, Bibi Ardith, huenda ikanisukuma." Basi ndiyo hii imechapwa. Gazeti linafika kwenye milango ya kaunti yenu saa kumi na mbili asubuhi, na zamu ya Marlys inaanza saa moja. Kama unasoma maneno haya na bado hujamwambia, usimalizie ukurasa. Vaa viatu.