Mstari wa Tarehe Kumi na Sita

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada kwa ombi la shahidi. Wapangaji humwita Dada Karani.
Umri: miaka 41.
Kazi: karani katika ofisi ya mwenye majengo.
Makazi: nyumba za nyuma ya kiwanda cha sabuni, chumba cha tatu. Mjane, ana binti wa miaka tisa.
Yameandikwa kituoni tarehe 12 Mei, kuanzia saa nne na robo asubuhi.

Nimeambiwa silazimiki kusema jambo linaloweza kunitia hatiani. Nimeelewa. Nitasema.

Nimemfanyia kazi mwenye majengo miaka kumi na mmoja. Jengo lina maduka sita chini, na ofisi yetu iko juu. Kazi yangu ni kupiga chapa barua, kugonga mhuri wa tarehe na kuandika kila barua inayotoka katika kitabu: tarehe, saa, inahusu nini. Mimi natia herufi za mwanzo za jina langu, mpokeaji anatia saini.

Mnamo tarehe 4 Aprili mpangaji wa duka la nne, fundi wa masofa tuliyemwita Sponji, alileta barua ya kuomba kuondoa ukuta kati ya duka na stoo yake. Kifungu cha tisa cha mkataba wa pango kinasema mpangaji habomoi wala hajengi kitu bila kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Sponji aliniambia, "Dada Karani, natengeneza sofa la watu watano, mlango wa stoo unapitisha la wawili. Mteja nimwambie wakae kwa zamu?" Nilicheka. Siku zile nilikuwa sicheki, kwa sababu mume wangu alikuwa amelazwa. Kesho yake Sponji aliniletea mto aliokata mwenyewe, wa kumwekea mgonjwa mgongoni. Hakutaka kitu.

Mume wangu alifariki tarehe 16 Aprili, saa tatu na nusu asubuhi, wodini. Nilikuwa nimemshika mkono. Ule mto ulikuwa mgongoni mwake.

Nilirudi kazini tarehe 29 Aprili. Ofisi haina karani mwingine, kwa hiyo kitabu kilikuwa hakijaguswa. Kabla ya kuandika chochote niliandika 16/4 kwenye mstari uliofuata, kisha nikauacha mtupu. Sikumwambia mtu. Mume wangu ndiye aliyekuwa akinichongea penseli za kazini kwa wembe kila Jumapili. Niliona si vibaya naye akapata mstari mmoja humo.

Sponji alipanda ngazi mara nne kuulizia kibali. Tarehe 6 Mei, saa tano asubuhi, nilimpigia mwenye majengo simu, Sponji akiwa amesimama mlangoni. Mwenye majengo akasema, "Mwambie abomoe tu, barua itafuata." Nikamwuliza kama kuna mtaalamu ameshauangalia ukuta. Akasema, "Wewe piga chapa, ukuta niachie mimi." Nilimwambia Sponji abomoe, barua itafuata. Akasema, "Afadhali. Nikingoja karatasi nitaota mvi, dada."

Tarehe 9 Mei, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, nilisikia kishindo chini na meza yangu ikasogea. Vumbi lilipanda ngazi mpaka kwenye kiti changu. Sponji alikuwa peke yake ndani, akibomoa ule ukuta. Walimtoa saa sita mchana, ameshafariki.

Tarehe 10 Mei, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwenye majengo alikuja nyumbani kwangu na dereva wake. Hajawahi kufika kwangu ila siku ya msiba. Alisema, "Pole, mama. Twende ofisini mara moja." Nikasema namwandaa mtoto kwenda shule. Akasema, "Dereva atampeleka." Dereva alikuwa ameshachukua mkoba wa binti yangu. Sikuwahi kumtajia shule, naye hakuuliza njia.

Sisi tulikwenda kwa miguu. Utepe wa polisi ulikuwa upande wa duka la nne. Ngazi zetu ziko upande wa pili. Ofisini alifunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Akanitajia barua neno kwa neno, nami nikapiga chapa: kwamba kibali kimekataliwa, kwa sababu ukuta ule ndio unaobeba ghorofa. Ndipo nilipojua kwamba siku zote alijua.

Akafungua kitabu, akashuka na kidole. "Hapa pana tarehe, barua hakuna. Ulisahau?"

Nikasema, "Sikuwa nimemaliza, mzee."

"Basi leo tunamaliza."

Nilirudisha nyuma tarehe ya mhuri kwa kidole gumba. Nikauliza niandike saa ngapi. Akasema, "Yoyote ya asubuhi." Mkono wangu uliandika saa tatu na nusu. Saini ya Sponji aliiweka mwenye majengo mwenyewe, akiangalizia mkataba. Alijaribu mara tatu kwenye karatasi nyingine, na karatasi hiyo aliondoka nayo. Nilimwambia, "Mzee, mimi ndiye niliyempa Sponji maneno yako." Akajibu polepole, "Ndiyo. Mdomo ulikuwa wako. Mimi nani alinisikia?" Kisha akatazama saa yake. "Mtoto ameshafika sasa. Dereva wangu ni mwangalifu." Nikatia herufi zangu.

Tarehe 11 Mei, mazishini, alisimama mbele ya waombolezaji akaisoma ile barua. Nyuma yangu mtu alisema, "Ubishi huo, jamani." Mke wa Sponji alinishika mkono. "Wifi, ni kweli alikatazwa?" Nikasema, "Imeandikwa hivyo, wifi." Aliacha kulia. Heri angeendelea.

Jioni hiyo nilikitoa kitabu ofisini chini ya sweta. Leo saa kumi na mbili na nusu dereva alikuwa mlangoni tena. Binti yangu alipanda gari, nami sikuthubutu kumzuia. Gari lilipokata kona nilikuja hapa kwa njia ya nyuma ya kiwanda.

Nakabidhi kitabu, na karatasi ya hospitali yenye tarehe na saa aliyofariki mume wangu. Mezani kwangu siku hiyo hapakuwa na mtu. Mwenye majengo alikuja msibani, alikaa kiti cha mbele, akanipa pole. Tarehe hakuishika.

Najua niliandika uongo na naweza kushtakiwa. Naogopa sana. Lakini mstari ule haukuwa wa barua.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, nayakubali kuwa maelezo yangu.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi. Nimepokea kitabu kimoja na karatasi moja ya hospitali. Tarehe na saa zinalingana. Shahidi alikataa kutia saini kabla ya kumwona mtoto wake. Nilimtuma askari shuleni. Binti amefika kituoni saa saba na dakika kumi mchana, mzima, na mkoba wake. Shahidi ametia saini saa saba na robo.